Waya wa Pili

Kamembe nzima inanijua kwa sababu ya mbuzi. Mwaka tulipofikisha maji mtaani kwetu, mimi ndiye niliyefungua valvu siku ya kwanza, na maji yakatoka kwa hasira hadi yakamnyanyua mbuzi wa jirani yangu Vénantie, yakamweka juu ya bati la nyumba ya padri. Mbuzi akakaa kule siku mbili. Aliposhushwa alikuwa ameshazoea: kila asubuhi alikuja kusimama mbele ya robine, pale bombani, akingoja safari.

Miaka ilivyopita, kila nikisimulia, mbuzi akawa mbuzi na mwanawe, na mara moja, kwenye harusi, kulikuwa na ng'ombe. Vénantie hunisikia kutoka upande wake wa ukuta na kupaza sauti: "Mzee Bashige, mimi sikukuwa na mbuzi! Nilikuwa na sungura!" Watu wanacheka, mimi nacheka, na hadithi inaongezewa sungura.

Naweka hilo mbele ili mjue mnasikia kwa nani. Ninayotaka kusema sasa ni ya suichi moja na waya mmoja wa njano, na hayana mbuzi ndani.

Nilikuwa fundi wa maji miaka thelathini na mmoja. Sikupita shule ya ufundi. Nilianza kwa kumbebea mabomba fundi mmoja wa Uvira aliyekuwa na jicho moja, na jicho hilo moja liliona kiungo kinachovuja kabla hakijavuja. Nilijifunza kwa kuitazama mikono yake. Nilipostaafu, mikono yangu ikakataa kustaafu. Nikajifunza umeme, nikajifunza redio, na faiba ilipopita kwenye nguzo za mtaa wetu nikajifunza na mambo ya mtandao, mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu. Ruta waliyoileta wenye faiba niliiweka sebuleni, na pembeni yake suichi kuukuu niliyoipata sokoni, kile kisanduku cha matundu manane kinachogawa mtandao kwa vyumba. Kutoka pale nikapitisha kebo juu ya dari, nikaitoa nje chini ya bati, hadi aneksi ya nyuma, anakolala binti yangu Elikia. Kebo ikakosa mita mbili kufika. Nikaunga kipande kingine kwa kusokota nyaya na kuzifunga utepe mweusi, kama ninavyofanya na waya wa taa. Ikafanya kazi. Nilijivuna mwezi mzima.

Elikia ndiye aliyebaki kwangu tangu tumzike mama yake, Nzigire. Ana miaka thelathini na minne, na kumi na miwili ya mwisho ameitumia mpakani: asubuhi anavuka kwenda Bukavu na beseni la nyanya kichwani, mchana anarudi na mawese. Magoti yake yanalia akipanda ngazi. Ukikaa karibu unayasikia. Yeye husema ni viatu.

Mwezi wa tatu alikuja sebuleni na karatasi aliyoiandika kwa kalamu, akaketi mbele yangu.

"Papa, unisikilize kwanza. Usiniletee mbuzi."

Kampuni moja ya ng'ambo ya bahari ilikuwa inatafuta wakalimani. Mgonjwa kutoka kwetu analala katika hospitali ya kule na hajui kumwambia daktari anaumwa wapi. Mkalimani anakaa nyumbani kwake, mbele ya kompyuta, anasikiliza, anafikisha maneno. Elikia ana Kiswahili, Mashi, Kinyarwanda na Kifaransa, na Kiingereza alikiokota kidogo kidogo kwa masista wa parokia mpaka kikajaa. Walishasoma barua yake, wakampenda. Ulibaki mtihani mmoja, wa kuzungumza ana kwa ana kwenye kompyuta: Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, dakika arobaini. Asiinuke kitini mpaka zimalizike. Asitumie waifai wala simu: kompyuta iwe kwenye waya, na waya ulete megabiti hamsini, zisipungue. Akianguka, asiombe tena mpaka mwaka upite.

"Na huko kwako ziko ngapi?" nikamuuliza.

"Sita."

"Sita iko muzuri. Mungu aliumba dunia na siku sita."

"Papa."

"Na ya saba akapumzika. Connexion ilikuwa inatosha."

Hakucheka. Alikuwa anasugua goti la kushoto kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta meza.

"Nimechoka na mupaka," akasema. "Nikipata hii kazi, sitaweka tena kitu ku kichwa. Nitakaa ku kiti sawa bantu bengine. Ni ile tu minataka, Papa. Kiti."

Kesho yake akamleta Mudathiru.

Mudathiru alikuwa na kibanda chake cha ufundi wa mtandao nyuma ya soko la Kamembe, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, asiyeinua sauti hata akiita mtu wa mbali. Alipanda juu ya dari na tochi mdomoni. Baada ya muda nikasikia sauti yake.

"Mzee, nani alifanya hii?"

"Fundi moja ya zamani," nikamjibu. "Alishakufa."

"Mungu amurehemu," akasema kutoka huko juu, na Elikia akaweka kitambaa mdomoni.

Alishuka na kile kiungo changu mkononi, kimefungwa utepe kama kidole chenye kidonda. Akatufafanulia bila kuringa. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbilimbili, na kila jozi imesokotwa kwa kipimo chake. Ukizifungua na kuzifunga upya kwa mkono, nusu ya mazungumzo inapotea hapo. Na ile suichi yangu ilikuwa ya kizazi cha nyuma, hata ukiiletea mto inapitisha kijito.

Akafanya kazi siku nzima. Alivuta kebo mpya nzima, isiyo na kiungo hata kimoja, kutoka sebuleni mpaka aneksi. Akabana vichwa vyake kwa koleo maalumu, akavijaribu kimoja kimoja. Akaweka suichi mpya, nyeusi, ndogo kuliko Biblia, juu ya ubao karibu na ruta. Waya mmoja kutoka ruta kuingia suichi, na kutoka suichi waya kwa kila chumba. Akabandika vijikaratasi vyeupe na kuandika kwa herufi safi: KUINGIA. SALON, ndiyo sebule. MZEE. ELIKIA. Matundu yaliyobaki akayaziba kwa vizibo vidogo vya plastiki ili vumbi lisiingie.

Elikia alikimbia aneksi kupima. Tukamsikia akipiga kelele.

"Makumi kenda na tatu! Tisini na tatu! Papa, kuya uone!"

Nikaenda nikaona. Ilikuwa tisini na tatu kweli. Binti yangu akanishika mkono, akasema kwa furaha, bila kunifikiria vibaya hata kidogo:

"Papa, sasa hii njo kazi ya kweli!"

Neno hilo lilinichoma. Mimi niliyeinywesha Kamembe maji, kumbe miaka yote nilikuwa nafanya kitu kingine.

Kwa hiyo nilipomsindikiza Mudathiru mpaka sebuleni kuchukua vyombo vyake, nikaanza kumfundisha.

"Umeweka waya moja tu kati ya ruta na suichi," nikamwambia. "Mimi ningeweka mbili."

"Hapana, Mzee. Ni moja."

"Sikiliza. Mutaa wa juu haukukuwa na maji. Bomba lilikuwa moja, likaishia kule. Mimi nikavuta bomba la pili upande mwingine wa kilima, nikalifunga na la kwanza, likawa duara. Maji yakapanda kutoka pande mbili. Mpaka leo banaoga."

Hilo, kwa bahati mbaya, ni kweli tupu. Nendeni mtaa wa juu mkaulize.

Mudathiru aliweka begi chini ili anijibu kwa adabu.

"Maji yakikutana na maji yanatulia, Mzee. Hii haitulie. Ukiweka njia mbili, ujumbe unatoka huku unaingia huku, unarudi pale ulitoka, unazunguka. Hauchoke. Unajizaa. Mara moja njia yote imejaa na hakuna kitu kinapita. Waya moja tu. Tafadhali."

"Kila kitu kinachopita ndani ya bomba ni maji," nikasema.

Akatabasamu, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kwenye kiwiko, kama tunavyowapa wakubwa. Akaenda.

Siku tisa zikapita, na neno lake likawa linanizunguka kichwani. Kwenye sanduku langu la vyombo mlikuwa na waya mmoja mfupi wa njano, umekuja na ruta, haujatumika. Nilikuwa naufungua na kuukunja. Kama mmoja unaleta tisini na tatu, mbili zitaleta ngapi? Nikajiambia sitagusa kitu mpaka siku yenyewe, na siku yenyewe Elikia atashangaa. Atatoka aneksi na kuuliza: Papa, umefanya nini? Nami nitasema: Kitu kidogo tu, kazi ya fundi ya zamani.

Alhamisi ikafika. Elikia alivaa blauzi nyeupe na heleni za marehemu mama yake, ingawa nilimwambia wale wa ng'ambo hawajui dhahabu ya Nzigire. Akapitia sebuleni, akapiga goti ili nimwekee mkono kichwani. Goti likalia. Nikambariki. Akaingia aneksi, akafunga mlango, na mvua ndogo ikaanza kupiga bati.

Nikakaa mbele ya suichi. Taa zake za kijani zilikuwa zinakonyeza kwa utulivu, moja sasa, nyingine baadaye, kama kuku wanaodonoa. Ilipofika saa nne na dakika kumi na mbili nikang'oa kizibo kimoja cha Mudathiru, nikachomeka waya wa njano: upande mmoja kwenye ruta, wa pili kwenye suichi.

Taa zote zikalipuka pamoja. Zote, kwa mpigo mmoja, haraka kuliko jicho. Nikasema kwa sauti, peke yangu:

"Maji yamefika!"

Niliketi pale dakika ishirini na kitu nikizitazama zinavyocheza. Nikapiga hata makofi kidogo. Sijawahi kujiona fundi kama asubuhi ile.

Mlango wa aneksi ulifunguka dakika arobaini zilipokwisha. Elikia akaja taratibu chini ya mvua, bila kujifunika. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Ilikatika," akasema.

"Nini?"

"Connexion. Dakika ya kumi na mbili. Balikuwa banacheza mugonjwa, maman moja anaumwa tumbo. Alikuwa anasema, nikaona ameganda, mudomo wazi. Nikangoja. Balisema usisimame ku kiti, nikakaa. Nilikaa mpaka mwisho, Papa, nikiangalia ule mudomo."

"Haiwezekani," nikasema. "Taa ziko zinacheza muzuri sana."

Akatoa simu mfukoni. Barua ilikuwa imeshaingia, mistari mitatu. Walimshukuru. Walimtakia heri. Mwaka ujao. Akatoka kusimama barazani, akanipa mgongo.

Nikautazama ule waya wa njano. Nikauvuta. Taa zikatulia papo hapo, zikarudi kudonoa. Hapo nilijua. Sitasema nilidhani, wala nilishuku. Nilijua kama mtu anavyojua amekanyaga kitu na mguu bado uko juu yake. Nikausokomeza mfukoni mwa suruali.

Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuningoja, ukaanza kazi.

"Ni kiboko!" nikamwambia mgongo wake. "Nilisikia ku redio. Kiboko amepanda kutoka Bugarama, amefuata barabara, amekata faiba na meno. Banamutafuta!"

Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya Vénantie.

"Mzee, kiboko gani hiyo inakula waya yako na kuacha yangu? Tuko ku nguzo moja! Mimi minaangalia misa ku simu tangu saa tatu, haijakata hata mara moja!"

Siku nyingine yoyote tungecheka wote watatu. Elikia aligeuka polepole.

"Kwa hiyo ni hapa ndani," akasema. "Ni ku nyumba yetu."

Akampigia Mudathiru.

Alikuja amelowa. Akaenda aneksi, akapima: tisini na tatu. Akapima tena: tisini na tatu. Akaja sebuleni, akainama mbele ya suichi, na mkono wake ukaokota kitu juu ya ubao. Kizibo. Kile nilichong'oa, nikakisahau. Akakitazama. Akalitazama tundu lililo wazi. Halafu macho yake yakateremka mpaka mfukoni mwangu, ambako ncha ya njano ilikuwa imechungulia kama kifaranga, yakakaa hapo muda wa kuvuta pumzi moja, yakaondoka.

Kwetu mtu mkubwa havuliwi nguo mbele ya mtoto wake. Si sheria iliyoandikwa popote. Mudathiru akarudisha kizibo mahali pake, akakibana kwa kidole gumba.

"Pengine ni suichi," akasema, akiitazama sakafu. "Inaweza kuwa ilipata moto kidogo. Nitaleta ingine."

Alinifungulia mlango, jamani. Nilikuwa na nafasi ya kusema: hapana, ni mimi. Ilikuwa imebaki pale katikati ya chumba. Nami nikasema:

"Nilijua. Tangu nilipoiona, nilijua ni ya bandia."

Elikia alimfuata mpaka langoni. Nilimsikia, na mtaa ulimsikia.

"Uliapa iko ya kweli! Ulisema niamini! Mwaka yangu, Mudathiru! Uliuzisha mwaka yangu na kisanduku ya bandia! Usirudi hapa na ingine, usirudi hata na mikono mitupu!"

Alisimama akimsikiliza mpaka akamaliza, begi begani, kichwa kimeinama. Halafu akasema, "Unisamehe, dada," akaenda kwenye mvua.

Sasa sikieni jambo ambalo sikulijua katika miaka yangu sabini na mmoja. Uongo wangu wote ulikuwa mkubwa. Mbuzi, ng'ombe, kiboko. Hakuna aliyewahi kuuamini, na kwa hiyo haukumuumiza mtu. Huu ulikuwa mdogo, maneno matatu tu, ni ya bandia, na uliaminiwa kabla haujatoka langoni. Vénantie aliusikia akaupeleka sokoni pamoja na maharage yake. Watu walioniita mwongo kwa mapenzi maisha yangu yote wakasema: Mzee Bashige mwenyewe ameona, na yule ni fundi. Shule moja iliyokuwa imemwahidi Mudathiru kazi ya madarasa sita ikampa mtu mwingine. Nyumba ya wageni ikamwomba aje kung'oa alichoweka. Mwezi wa sita nikapita nyuma ya soko, kibanda chake kilikuwa kinauza mapazia.

Elikia alirudi kwenye beseni. Hakupumzika hata juma moja. Akahamia njia ya Ruhwa, mpaka wa Burundi, kwa sababu huko unashuka gari karibu na mahali pa kuuzia na magoti yanapata nafuu, ndivyo alivyosema. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, anavua viatu mlangoni, anatembea pekupeku kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Suichi ile ile ikawa inakonyeza. Hatukuibadilisha. Hakuuliza hata siku moja kwa nini kitu cha bandia kinafanya kazi vizuri namna ile.

Jioni moja ya mwezi wa nane alirudi akiwa na uchangamfu ambao sikuuona tangu mtihani. Akamimina chai, akaniwekea sukari, akakaa.

"Papa, leo nimeona nani Ruhwa? Ule Mudathiru wako. Iko chini ya mwavuli, na kimeza, anafanya chaja za simu za bapiga debe. Amekonda! Nikapita mbele yake na beseni yangu, nikamuangalia ndani ya macho. Akainamisha kichwa." Akakoroga chai. "Mungu analipa, Papa. Polepole, lakini analipa."

Nikaweka kikombe chini.

"Elikia, si yeye," nikasema. "Ni mimi. Siku ile niliweka waya wa pili kati ya ruta na suichi. Alinikataza. Nilitaka kuongeza nguvu, kama ya maji. Ndiyo iliyokata. Alijua, akaninyamazia."

Alinitazama. Na uso wake, mtanisamehe, ukalainika. Akanyoosha mkono akanishika wa kwangu.

"Papa," akasema, "uko na roho muzuri. Umemuonea huruma, sasa unajitwika. Kwanza kiboko, leo waya wa pili." Akacheka kidogo, kicheko cha mama yake. "Lakini hii ya leo si ya kuchekesha. Kunywa chai."

Ningeweza kunywa. Ukweli nilikuwa nimeshausema, mbele ya Mungu na kikombe. Kama hakuuamini, kosa lilikuwa la nani? Nilikaa na wazo hilo kiasi cha kumeza mate mara mbili, na lilikuwa wazo tamu.

Halafu nikainuka, nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la vyombo, nikautoa waya wa njano kutoka chini ya koleo. Nikarudi nao.

"Leta kompyuta yako hapa," nikamwambia. "Iweke ku waya ya salon. Pima."

Alifanya kwa kunipendeza tu, akitikisa kichwa. Tisini na tatu. Nikang'oa kizibo. Nikachomeka.

Taa zote zikalipuka pamoja.

Kwenye kioo cha kompyuta mshale ukatetemeka, ukaanguka sifuri, ukalala hapo. Elikia aliutazama mshale. Akazitazama taa.

"Toa," akasema.

Nikatoa. Mshale ukapanda: tisini na tatu.

"Rudisha."

Nikarudisha. Sifuri.

"Toa." Sauti yake haikuwa na kitu ndani. Nikatoa. "Rudisha." Kichwa cha waya kikakosa tundu mara mbili. Alingoja mpaka nikapata. Taa zikalipuka. Hakuniambia toa tena. Alikaa anazitazama zinavyocheza, mikono juu ya magoti, kama alivyokaa siku ile akitazama mdomo ulioganda.

"Alijua?" akauliza baadaye.

"Alijua. Aliona kizibo. Aliona na waya ku mufuko yangu."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Sababu mimi nilikuwa nasimama pale."

Nikauchomoa waya wa njano.

"Nilimutukana mpaka ku mulango. Ulinisikia, Papa?"

"Nilikusikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa hesabu anayoitarajia. Akazima kompyuta. Kikombe chake alikiacha kimejaa.

Hakunitukana, siku ile wala baadaye. Ningependa angenitukana. Alfajiri alikwenda Ruhwa bila beseni. Alichomwambia Mudathiru sikijui na si haki yangu kukijua. Mwisho wa juma alipakia godoro, blauzi nyeupe na kompyuta kwenye gari la mtu anayekwenda Bugarama. Amepanga chumba kule, karibu na Ruhwa.

"Mwaka utatimia mwezi wa tatu," akaniambia langoni. "Nitaomba tena."

"Njoo ufanyie hapa. Kila kitu kiko sawa sasa. Sitagusa kitu, nakuapia kwa kaburi ya mama yako."

"Si hapa, Papa," akasema. Akapiga goti kama kawaida, nikaweka mkono kichwani. Goti likalia.

Mimi pia nilikwenda Ruhwa, msije mkasema sikwenda. Nilisimama mbele ya kimeza cha Mudathiru, katikati ya wapiga debe na wauza mahindi, nikasema yote kwa sauti, ya waya, ya kizibo, ya mfuko wangu. Watu wakakusanyika haraka. Wapo wanaonijua mpaka kule. Walisikiliza wakitabasamu. Nilipomaliza, mmoja akauliza, "Na kiboko, Mzee? Tupe sasa ya kiboko!" Wakacheka mpaka mama mmoja akaweka mahindi chini.

Mudathiru hakucheka. Alikuwa na chaja mkononi na moshi mdogo wa risasi ya kuunganishia ulikuwa unampanda usoni. Akavuta kigoda chake mwenyewe, akakisogeza chini ya mwavuli.

"Jua ni kali, Mzee," akasema. "Kaa ku kivuli."

Nikakaa. Yeye akaendelea kufanya kazi amesimama.

Sasa nyumba ni kimya. Vénantie akipata wageni bado huita juu ya ukuta nije niwape mbuzi. Juzi niliwaambia hapakuwa na mbuzi, maji siku ile yalitoka kidogo, yenye matope, na watu wakapiga foleni na ndoo. Wageni wakangoja. Walidhani ni mwanzo.

Asubuhi, baada ya kunywa chai, nakaa chumbani kwangu na kupima kwa simu, sijui kwa nini. Nachomeka simu kwenye waya wangu kwa kichwa kidogo alichoniachia Elikia, na inaniambia tisini na tatu. Haipungui. Naiacha hapo, narudi sebuleni: juu ya ubao taa mbili zinakonyeza, ile yenye karatasi ya KUINGIA na ile ya MZEE. Ile ya mwisho, iliyoandikwa kwa herufi safi za Mudathiru ELIKIA, waya wake bado umechomekwa, na taa imezimika.